Kocha Akisema Funga

Mdogo wangu mpendwa,

Timu ikifungwa mfululizo, kosa wanalofanya watu wengi ni kuuliza nani mbovu, kocha au wachezaji. Ni kama mtu aliyevaa kiatu kikambana, halafu akakaa chini kuamua kama kibovu ni kiatu au ni mguu. Kiatu kinaweza kuwa kimeshonwa vizuri, mguu ukawa mzima kabisa, na bado mtu akachechemea njia nzima. Swali la kuuliza ni kama vinafaana, na hilo halimfurahishi mtu, kwa sababu jibu lake halina wa kulaumiwa.

Shemeji yako amepita nyuma yangu na birika la chai, akasoma hapo juu, akaniuliza huyo ninayemwandikia ni mgonjwa au ni mwanafunzi, mbona nimeingia darasani bila hata kubisha hodi. Amesema kweli. Basi narudi mlangoni nianze upya. Habari za huko, mdogo wangu? Umeamkaje? Presha yako inasemaje siku hizi? Mkono wa kushoto umeanza kushika kijiko, au bado binti yako anakulisha huku ukinung'unika kwamba uji ni wa moto? Sisi hatujambo. Goti langu linalalamika likiona ngazi, ila linalalamika kwa adabu. Shemeji yako naye hajambo, na ulimi wake ndio haujambo zaidi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kila nikipiga unaniuliza matokeo, mimi nasema tulijitahidi, wewe unacheka, kisha binti yako anaichukua simu anasema inatosha, baba apumzike. Barua mtu hanyang'anywi akiwa katikati ya sentensi. Dereva wa basi la kiwanda anakuja huko asubuhi hii kuchukua vipuri, na ameniahidi kuikabidhi mkononi mwako kabla jua halijawa kali.

Hali ya timu umeisoma gazetini, sitaipaka rangi. Jumamosi tunacheza mechi ya mwisho, hapa nyumbani. Tukishinda tunabaki. Matokeo mengine yoyote, tunashuka daraja, na kiwanda kimesema wazi kwamba hakitalea timu ya daraja la chini. Maana yake klabu inafungwa, na vijana uliowakusanya mmoja mmoja kwa miaka yote ile wanatawanyika kila mtu na mfuko wake.

Kocha aliyeshika nafasi yako hujakaa naye, kwa hiyo nikueleze alivyo. Ni mtu wa makamo, mwembamba, anatembea kama aliyeacha jiko linawaka. Wachezaji walimpa jina la Presha katika wiki yake ya kwanza, kwa sababu hana sentensi isiyo na presha ndani yake: wapeni presha, ongezeni presha, presha iko wapi. Watani wa jukwaani wakasema klabu hii haina bahati kabisa, ilikuwa na kocha mwenye presha, ikampumzisha, ikaenda kuajiri presha yenyewe.

Sasa nivumilie kidogo. Mpira unaujua kuliko mimi, niliyefundisha vitenzi hadi nikastaafu, lakini jambo nisipolieleza huwa silielewi mwenyewe.

Timu uliyoiunda wewe ni timu ya kungoja. Ulichagua mabeki warefu, wazito, wenye vichwa vya kugonga mpira kama nyundo, watu ambao wakitaka kugeuka wanahitaji nafasi ya kugeuzia lori. Hukuwalaumu, maana hukuwapa sababu ya kugeuka. Uliwapanga karibu na goli lao, nyuso zikitazama mbele, na mpinzani akawa ndiye wa kuhangaika. Golikipa ulimchagua kwa mikono yake, miguu ukasema ni ya kusimamia tu. Katikati uliweka wavunjaji wa mashambulizi. Mbele ulimwacha mmoja mwenye mbio, ukasema mpira ukimfikia, Mungu atajua. Hatukuwahi kuwa timu ya kupendeza macho. Lakini wageni walikuja hapa wakazunguka nje ya boksi letu kama watu waliosahau ufunguo, hadi filimbi ya mwisho, wakarudi kwao wamenuna.

Presha anataka kinyume cha hayo yote, na anachotaka si upuuzi. Anataka mpira ukipotea upiganiwe palepale ulipopotea, kwenye nusu ya mpinzani. Kukabia juu, ndivyo wanavyoita. Ili hilo liwezekane, mabeki lazima wapande hadi karibu na mstari wa katikati, na golikipa atoke golini acheze kwa miguu kama beki wa ziada. Nimemwona akilifundisha somo hili kwa sumaku juu ya ubao wa chuma, na nakwambia ubaoni linapendeza sana, kwa sababu sumaku hazichoki wala hazina magoti. Alikuja na vijana wake watatu, wepesi, wanaolijua somo hilo tangu huko walikotoka. Wengine wote ni wako. Kwa hiyo tumekuwa tukiingiza uwanjani timu mbili zilizovaa jezi za rangi moja.

Hata hivyo niliamini kwamba ugonjwa wenyewe ni mdogo kuliko huo, na kwamba uko kwenye neno. Wewe ulipokuwa ukisimama kwenye mstari ukapaza sauti "Funga!", kila mtu alijua ni mlango unaofungwa: rudini nyuma, sogeleaneni, asipite hata nzi. Presha naye ana "Funga!" yake, na kwake ni kifupi cha kufunga njia: mkimbilie mwenye mpira, mzibe, usimpe pumzi. Neno ni lilelile, ila moja linawatuma watu nyumbani na jingine linawatuma vitani.

Katika mechi moja ya nyumbani nilikuwa nimekaa mahali petu pa siku zote, chini ya lile bati linalovuja. Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja. Kiungo wetu akanyang'anywa mpira, Presha akaruka kutoka kwenye benchi akaita funga. Vijana wake watatu wakachomoka kwenda mbele. Kufuli, nahodha wako, uliyemtoa karakana akibeba vyuma ukamfanya beki wa kati, akainua mkono, na mabeki wote wakarudi nyuma pamoja naye. Katikati pakabaki eneo tupu ambalo malori yote ya kiwanda yangeweza kuegeshwa. Mchezaji wao akapokea mpira hapo peke yake, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu mwenye adabu anayevuka barabara. Mashabiki wao wakamwambia kwa sauti moja, funga! Akafunga. Katika uwanja mzima, aliyelitii lile neno sawasawa alikuwa mpinzani wetu. Nyuma yangu fundi mmoja wa umeme akauliza kama hao mabeki wetu wanacheza mpira au wameitwa nyumbani kula. Tukapigwa na la pili kwa njia ileile.

Nikaomba kamati ya klabu inipe nafasi niwasomeshe wachezaji. Cheka tu. Walikusanywa kwenye kantini ya kiwanda baada ya mazoezi, bado wana nyasi kwenye soksi, nikasimama mbele yao na chaki nikaandika FUNGA kwa herufi kubwa. Nikawaambia kitenzi hiki ni kama mhudumu wa ofisi, kila mtu anamtuma. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga safari, tunafunga ndoa, tunafunga bao. Winga mmoja akanyoosha mkono, akaniuliza kwa heshima zote, na kufungwa je, Mwalimu, maana hilo ndilo tunalolijua zaidi. Kantini nzima ikaangua kicheko, Presha mwenyewe akacheka hadi akafuta macho. Ni Kufuli peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa anatazama chini, anazungusha kikombe mezani. Nikadhani somo limemkaa.

Tukakubaliana kwamba "funga" iachwe, na Presha atumie "Bana!" Kwenye mazoezi ya kwanza akaita "Bana!", na kutoka kila kona ya uwanja wakamwitikia, sema bana, tupo bana, unasemaje bana. Utani huo ulichukua muda kuisha, lakini uliisha, na neno likazoeleka. Mechi ikaja. Presha akaita bana, Kufuli akainua mkono, mabeki wakarudi nyuma. Presha akaacha maneno akapiga mbinja ya vidole. Kufuli akainua mkono, mabeki wakarudi nyuma. Nikakaa pale kwenye jukwaa na kitenzi changu mikononi, sijui nikipeleke wapi.

Kamati ikamwita Presha, ikamwambia basi acheze mpira wako, ule wa kungoja. Alikuja kwangu Jumapili kunieleza. Alikaa kwenye kile kiti cha mlangoni ambacho wewe hukipendi, chai ikapoa mbele yake. Alisema amejaribu kweli. Aliwapanga nyuma kama ulivyokuwa ukiwapanga, kisha akajikuta amesimama mstarini hana la kuwaambia, kwa sababu yeye akitazama uwanja haoni milango, anaona nafasi za kukimbilia tu. Alisema anaweza kubadilisha nguo, hawezi kubadilisha macho. Shemeji yako, ambaye hana simile, alimuuliza kwa nini asimweke Kufuli benchi, akamwingiza mwenye miguu myepesi. Presha akakataa. Alisema nahodha ni mtu mwema, ila ni mzito wa kuelewa, na watu wa namna hiyo wakishaelewa hawasahau, kwa hiyo atamvumilia hadi mwisho. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Tulikuwa watu wazima watatu chumbani, na hakuna aliyekuwa amekaribia ukweli.

Jana jioni, mazoezi yalipokwisha, niliingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo kutafuta mwavuli wangu. Wengine walikuwa wameondoka. Kufuli alikuwa amebaki kwenye benchi la pembeni, anachua goti, chumba kizima kinanuka dawa ya kuchua na viatu vilivyolowa. Alinisalimia shikamoo, akasogea kunipisha. Nikakaa. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kumweleza tena, taratibu, tofauti ya kufunga mlango na kufunga njia.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akaniomba radhi, akasema, Mwalimu, mimi nilimwelewa siku ile ya kwanza.

Alisema anamwelewa Presha kila neno, la mdomo na la mbinja. Anajua mpira ukipotea anatakiwa kupanda, anajua apande hadi wapi, na miguu yake ingawa si ya kijana inaweza kumfikisha. Akasimama hapohapo akanionyesha kwa viatu vitupu vilivyokuwa sakafuni: huyu hapa, yule pale, mimi hapa. Alivipanga sawasawa na zile sumaku za Presha. Nilimuuliza, sasa kwa nini? Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza mlango uko wapi huku ameegemea kitasa.

Alisema siku ulipoondoka, ukiwa umekaa ndani ya gari na kioo kimeshushwa, uliwaambia maneno matatu: nishikieni mpaka nirudi. Alisema mtu akikupa mkoba wake umshikie, huufungui ukaanza kupanga upya vitu vya ndani. Hata kamati yenyewe inamwita Presha kaimu, na kaimu hushika tu. Yeye na mabeki wenzake walikubaliana siku ileile kwamba wataishika timu kama ulivyoiacha, mstari uleule, hatua zilezile, ili ukirudi usianze kufundisha upya ukiwa na presha. Wakipanda leo, kesho watakuwa wamesahau kushuka. Alisema wanajua wanafungwa. Alisema anasikia wanavyomwita mzito wa kuelewa na inamuuma, hasa ikitoka kwa Presha ambaye hajawahi kumvunjia heshima. Lakini mzee anarudi, alisema, na mzee akirudi haya yote yatakuwa hadithi ya kuchekea.

Nikamuuliza, polepole, je, na kama kurudi kutachelewa? Uso wake ukang'aa, mdogo wangu. Akaniambia mliongea wiki iliyopita, na kwamba umemwambia unatembea hadi dukani bila fimbo, na kwamba msimu mpya ukianza mtakuwa wote mstarini.

Wewe na mimi tulikuwa pamoja katika kile chumba chenye feni isiyozunguka, daktari alipotueleza bila kuzungusha maneno kwamba uwanja basi. Hakusema upumzike msimu huu. Alisema basi. Ulipotoka uliniapisha kwenye korido nisimwambie mchezaji yeyote, ukasema utawaambia mwenyewe ukipata nguvu. Nimekishika kiapo hicho. Nilikishika jana pia, nikiwa nimekaa bega kwa bega na mtu anayeizamisha timu kwa ajili ya mtu asiyerudi. Nilifungua mdomo. Nilisema tu, na kama hatarudi kabisa? Kufuli akafunga mfuko wake, akasema kwa upole kwamba kama kuna neno kama hilo litatoka kwako. Likitoka kwa mtu mwingine, hata kwangu, atajua limetumwa na kamati. Akanitakia usiku mwema, akazima taa za upande wake.

Unaona mahali nilipo. Presha siwezi kumwambia, maana nikimwambia lazima nimwambie na sababu. Kamati nayo siwezi kuiambia. Kufuli hataniamini. Mimi ambaye sijawahi kukosa maelezo, ninayo maelezo yote, kamili, yamepangika vizuri, na hayanisaidii kitu. Shemeji yako ameniona nimekaa na kalamu bila kuandika, ameniwekea mkono begani akaenda zake bila kusema neno, na wewe unajua hilo lina maana gani kwake.

Sikulaumu. Nadhani najua kwa nini unampigia. Ukiwa kwenye simu na Kufuli wewe bado ni kocha aliye likizo. Siku utakayomwambia, utakata simu ukiwa mgonjwa kwenye kiti, na binti yako anakuja na dawa. Mimi nilipostaafu niliendelea kuamka mapema na kuvaa tai kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa mzima. Sijui ningefanya nini ningekuwa mahali pako. Na wala siwezi kukuahidi kwamba neno lako litatuokoa. Golikipa bado hana miguu, mabeki hawatageuka wepesi kati ya leo na Jumamosi, na Presha hatapata macho mengine. Huenda tukashuka hata Kufuli akipanda. Lakini angalau atakuwa anacheza kwa ajili ya timu iliyopo, na akikosea litakuwa kosa lake mwenyewe, si zawadi aliyokutunzia.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema umvute binti yako masikio kidogo kwa niaba yake, na kwamba akija huko atakukagua mkono huo mwenyewe. Fundi cherehani jirani yetu anakuuliza kila nikipita. Mwenyekiti anakusalimu, naye hajui lolote. Mpe binti yako pole na asante, na mwambie kwamba akikutana na barua ndefu namna hii asiifiche, nimeiandika nikiwa na akili zangu zote.

Dereva ameshapiga honi nje. Mdogo wangu, leo, kabla ya mazoezi ya jioni, mpigie Kufuli umwambie kwamba hurudi.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu